Volti zinazobaki kwenye swichi

Rilei yangu ya kwanza, swichi inayovutwa na sumaku ya koili, niliiunganisha moja kwa moja kwenye pini ya Arduino Uno, bodi ndogo inayoendeshwa kwa programu. Ilikuwa ile rilei ndogo ya bluu ya volti 5, na kwa akili yangu ya wakati ule hesabu ilikuwa imekamilika: pini inatoa volti 5, rilei inataka volti 5, basi zinaendana. Nikaandika programu ya mistari michache, nikawasha. Rilei ikalia "tik" hafifu mara mbili, halafu ikanyamaza. Nilipoing'oa na kuipima pini kwa mita, programu ikiwa imeiamuru itoe volti 5, nikasoma 1.3, na hapo hakukuwa na kitu chochote kilichounganishwa nayo. Pini nyingine zote zilikuwa nzima. Hiyo moja ilikuwa imekufa.

Kilichoiua nilikiona nilipopima koili ya rilei: omu 70. Volti 5 ukigawanya kwa omu 70 unapata miliampea 71. Pini ya chipu ya bodi ile, ATmega328P, haifai kubeba zaidi ya miliampea 20 hivi kwa kazi ya kila siku, na 40 ndiyo kikomo ambacho ukikivuka unaiharibu. Tangu siku hiyo pini naichukulia kama tarishi. Kazi yake ni kupeleka ujumbe. Mzigo utabebwa na mwingine, na huyo mwingine ndiye tunayemtafuta tunapobuni saketi ya kuendeshea.

Baada ya hapo nimetengeneza nyingi: za rilei, za pampu ndogo, feni, taa za utepe, mota za kigari. Nyingi zina vipande vinne au vitano tu. Lakini nilichelewa sana kujua kipimo kimoja ambacho kingeniokolea vifaa na usiku mwingi wa kukesha, na ndicho kimenifanya nikae niandike.

Baada ya pini kufa nilitafuta mchoro, nikaupata: transista BC547 (swichi ya miguu mitatu: mkondo mdogo kwenye besi hufungua mkubwa kati ya kolekta na emita), rezista ya kilo-omu 10 ya kupunguza mkondo wa besi, rilei kwenye kolekta, emita kwenye hasi. Nikaunga. Rilei ya kwanza ikafanya kazi vizuri. Nikaunga saketi ya pili, vipande vile vile, mchoro ule ule, rilei ikakataa. Wakati mwingine ilivuta, wakati mwingine ilitetemeka tu kama inzi aliyenaswa kwenye karatasi. Nikabadilisha rilei, wapi. Nikaandika programu upya, wapi. Nikamwonyesha fundi mmoja mzee ambaye amekuwa akitengeneza redio tangu kabla sijazaliwa.

Hakugusa chochote. Aliangalia tu, akaniuliza, "Kijana, kati ya kolekta na emita pana volti ngapi ikiwa imewaka?"

"Sijapima, mzee. Nimepima kwenye pini, ziko 5. Kwenye chanya ya rilei pia ziko 5."

"Umepima mlango wa mbele na wa nyuma, ukamwacha mwizi yuko sebuleni. Pima hapo."

Nikaweka ncha za mita kwenye miguu hiyo miwili. Volti 2. Transista iliyopaswa kuwa swichi iliyowashwa kabisa ilikuwa imezishika volti 2 kati ya 5, na rilei ikaachiwa 3. Rilei za aina ile huhitaji kama volti 3.75 ndipo zivute kwa uhakika. Mzee akanyoosha kidole kwenye rezista ya besi, hakusema zaidi.

Hesabu yake ni hii, na ningependa mtu yeyote anayeanza aifanye kwa mkono walau mara moja. Besi inapofunguka inakula kama volti 0.7, kwa hiyo rezista inabakiwa na 4.3. Gawanya kwa omu 10,000, unapata miliampea 0.43 zinazoingia kwenye besi. Mimi nilikuwa nategemea transista izikuze hizo zifike 71. Familia ya BC547 ina ukuzaji wa kuanzia mara 110 hadi mara 800, kutegemea kundi lake na mkondo unaopita, na unaposogea karibu na kikomo chake cha miliampea 100 ukuzaji hushuka. Kumbe transista yangu ya kwanza ilikuwa imejaliwa ukuzaji mkubwa, ya pili haikujaliwa. Saketi iliyokuwa ikifanya kazi ilikuwa ikifanya kazi kwa bahati.

Ukiitaka transista iwe swichi, usiutegemee ukuzaji wake. Ipe besi sehemu moja ya kumi ya mkondo wa mzigo, hata kama datashiti, karatasi ya vipimo ya mtengenezaji, inajisifu kwa mara 300. Kwa miliampea 71 hiyo ni miliampea 7, na 4.3 gawanya kwa 0.007 ni omu 614. Rezista ya kawaida iliyo chini yake kidogo ni ya omu 560. Nikaiweka, nikapima tena palepale: volti 0.15. Rilei zote mbili zikalia kwa sauti moja kavu. Baadaye niliiacha BC547 kwa kazi hiyo nikahamia BC337 ambayo hubeba hadi miliampea 800, kwa sababu 71 kati ya 100 ni kuishi ukingoni.

Hapa kuna jambo dogo lililowahi kunipotezea jioni nzima. Transista PN2222A na P2N2222A zinakaribia kuwa na jina moja, zina umbo moja, na kazi yake ni moja, ila miguu imepangwa kinyume. Ukiishika ya kwanza uso wake bapa ukikuelekea, kutoka kushoto ni emita, besi, kolekta. Ya pili ni kolekta, besi, emita. Ukiigeuza bila kujua bado inajifanya kufanya kazi, kwa unyonge, na hapo ndipo inapokupoteza. Siku hizi kila transista naipima miguu kwa mita kabla ya kuikunja.

Saketi ile ilifanya kazi siku kumi na kitu. Asubuhi moja nikakuta rilei imekwama, imevuta na haiachii hata nikichomoa waya wa pini. Nilipoipima transista, kolekta na emita zilikuwa zimeungana kama kipande cha waya. Nilikuwa nimeiacha dayodi, kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu, kwa sababu mchoro wangu haukuwa nayo na rilei ilikuwa ikilia vizuri bila hiyo.

Koili haikubali mkondo wake ukatwe ghafla. Ukiukata, yenyewe inapandisha volti kadiri inavyoweza ili mkondo uendelee, na kwenye rilei ndogo namna hii volti hizo zinaweza kuruka kwa makumi hata mamia kwa kitambo kifupi mno. BC547 imetengenezwa kuvumilia 45. Kila mara nilipozima rilei, nilikuwa naipiga transista yangu nyundo. Ilivumilia mara nyingi, kisha ikachoka. Dayodi moja 1N4007 sambamba na koili, mstari wake mweupe ukielekea chanya, inaupa mkondo ule njia ya kuzunguka ndani ya koili hadi uishe wenyewe. Naiweka karibu kabisa na miguu ya koili. Na kabla ya kuwasha naangalia mstari ule mara mbili, maana ukiigeuza, transista ikifunguka tu umeme wote unapita kwenye dayodi na kitu kimojawapo kitaungua. Kwa mota inayowashwa na kuzimwa maelfu ya mara kwa sekunde, 1N4007 ni nzito kugeuka, yaani inachelewa kuacha kupitisha umeme. Hapo natumia dayodi ya haraka, 1N5819.

Ile iliyonifunza zaidi kuliko zote ilikuwa mosfeti, swichi nyingine ya miguu mitatu: geti huiamuru, na mkondo wa mzigo hupita kati ya dreni na sosi.

Nilikuwa na taa ya utepe ya volti 12 inayokula ampea 2, na bodi ya ESP32 ambayo pini zake hutoa volti 3.3. Nilishasoma kwamba mosfeti haitaki mkondo kwenye geti kama transista inavyotaka kwenye besi, inataka volti tu, nikaona hapa mambo yamerahisika. Nikachukua IRFZ44N. Kwenye ukurasa wa kwanza wa datashiti kumeandikwa ampea 49. Mimi nataka 2! Nikashuka hadi kwenye mstari wa volti za kizingiti: kuanzia 2 hadi 4. Nikajiambia 3.3 imo humo, yatosha.

Taa ikawaka, lakini kwa rangi ya machweo. Nikadhani ni umeme mdogo. Nikainama kuangalia waya na harufu ikanifikia kabla sijaona kitu, ile harufu ya plastiki inayoanza kulainika. Nikaigusa mosfeti kwa ncha ya kidole cha shahada. Nilikuwa na lengelenge dogo la mviringo kwa wiki nzima, na kila nilipoandika herufi kwenye kibodi lilinikumbusha.

Baada ya kupoa niliwasha tena kwa sekunde chache tu, mita ikiwa tayari mahali kama pale mzee yule aliponiambia nipime. Kati ya dreni na sosi palikuwa na volti 3, na mkondo ulikuwa ampea 1.2. Tatu mara 1.2 ni wati 3.6, zote zinageuka joto ndani ya kipande kisicho na bati la kupozea. Umbo lile la mosfeti, likikaa wima peke yake hewani, hupanda takriban digrii 62 kwa kila wati. Kwa wati 3.6 ni zaidi ya digrii 220 juu ya joto la chumba. Ingeungua muda si mrefu.

Nilirudi kwenye ule mstari wa kizingiti nikausoma hadi mwisho. Pembeni kuna safu ndogo inayoeleza kipimo kimefanywaje: mkondo wa maikroampea 250. Hiyo ni robo ya miliampea moja. Volti za kizingiti ni pale mosfeti inapoanza kuvujisha, kama bomba linalodondosha tone tone. Mstari wa kusoma ni mwingine, ule wa ukinzani ikiwa imefunguka, na kando yake huandikwa volti za geti zilizotumika kupima. Kwa IRFZ44N kuna 10 peke yake. Mtengenezaji hakuahidi lolote kwa 3.3, na mimi nilijiahidi mwenyewe.

Watu wengi hushauri IRLZ44N, ile yenye herufi L katikati, na kwa pini ya volti 5 ni ushauri mzuri: imepimwa kwa geti ya volti 5 na hata 4, ambapo ukinzani wake hauzidi omu 0.035. Lakini haikupimwa kwa 3.3. Inaweza ikakufaa, na nyingi hufaa kwa mzigo mdogo, ila utakuwa umerudi kwenye saketi yangu ya rilei ya kwanza, ile ya bahati. Nilichokichagua mwishowe ni AO3400A, kidude cha milimita 3 hivi ambacho unakishika kwa kibano. Datashiti yake ina mstari wa geti ya volti 2.5: ukinzani usiozidi omu 0.048. Ampea 2 mara 2 mara 0.048 ni wati 0.19. Kinavumilia volti 30, na taa yangu ni ya 12. Kukilehemu kwa mkono kunataka utulivu, lakini kinawezekana.

Nadhani hapo ndipo utaratibu wangu ulipogeuka. Zamani nilianza na pini, nikauliza pini ina nini, nikasogea mbele. Sasa naanza mwisho, kwenye mzigo. Unakula kiasi gani ukiwa katika hali yake mbaya kuliko zote? Halafu swichi: ikibeba mkondo huo, itabaki na volti ngapi, na joto lake litakuwa kiasi gani? Pini naifikia mwisho, na swali lake ni moja tu, kama inaweza kuifungua swichi hiyo hadi mwisho.

Hali mbaya ya mota, kwa mfano, si pale inapozunguka. Mota yangu moja ya volti 12 ilikula ampea 0.3 ikizunguka bure, nikaichagulia vipande vya ampea 1 nikiamini nimeacha nafasi ya kutosha. Gurudumu liliponasa kwenye mguu wa meza, saketi ikafa. Kabla hata ya kuiwasha ningeweza kujua: nyaya za ndani yake zilikuwa omu 2.4. Mota ikiwa imesimama haina kingine cha kuzuia umeme isipokuwa nyaya hizo, na 12 gawanya kwa 2.4 ni ampea 5. Kila mota huanza ikiwa imesimama, kwa hiyo ampea hizo hupita kila unapoiwasha, japo kwa muda mfupi.

Ampea 5 hizo hizo zilinifunza pia kuhusu nyaya. Bodi ilikuwa ikijizima na kujiwasha kila mota inapoanza, nami nikashuku programu kwa siku mbili. Kumbe hasi ya mota na hasi ya bodi zilikuwa zinapita kwenye waya mmoja mwembamba wa bredibodi, ule ubao wa kujaribia saketi. Waya na viunganishi vyake vikiwa na omu 0.1 tu, ampea 5 zinazaa nusu volti, na "sifuri" ya bodi inaruka juu kila mota inaposhtuka. Nikatenganisha: kila hasi ilienda na waya wake hadi kwenye chanzo cha umeme, zikakutana huko. Lakini lazima zikutane: nimewahi pia kutumia vyanzo viwili nikasahau kabisa kuziunga hasi zake, na geti haikujua volti 3.3 za pini zinahesabiwa kutoka wapi. Nikaongeza kapasita, kipande kinachohifadhi umeme kidogo, ya maikrofaradi 470 karibu na saketi ya mota na moja ndogo ya nanofaradi 100 miguuni mwa mota yenyewe kwa ajili ya kelele za brashi. Bodi haikujizima tena.

Kwa kigari chenye mota mbili nilitumia chipu ya kuendeshea mota, L298N, kama wengi tunavyofanya, na kwa betri ya volti 6 kilitambaa. Kipimo kilikuwa kile kile: kama volti 2 zilibaki ndani ya chipu. Ni chipu ya zamani yenye transista ndani yake, si mosfeti, na mkondo hupita transista mbili kwenda na kurudi. Transista TIP120 na chipu ULN2003 nazo hubakiza takriban volti 1 kwa sababu kila swichi yake ni transista mbili zilizobebana. Kwa rilei za volti 12 simwoni mshindani wa ULN2003: swichi saba, dayodi ziko ndani tayari, miliampea 500 kila moja. Kwa betri ndogo, hapana. Kigari changu nilikihamishia TB6612FNG, yenye mosfeti, kikakimbia.

Juzi nilikuwa naunga saketi ya pampu ya maji ya volti 12, na mpwa wangu akaja kukaa nami mezani. Pampu za namna hii niliziogopa tangu moja iliponimwagia maji mezani wakati bodi ikiwa bado inaamka. Pini za bodi nyingi, kabla programu haijaanza, hazitoi juu wala chini. Zinaelea tu, na geti ikielea hujiamulia. Nilitaka aone kwa macho, nikaunga mosfeti na taa ndogo ya volti 12, geti nikaiacha wazi bila kuiunga popote.

"Shika hapa kwenye chanya kwa mkono mmoja," nikamwambia, "na mwingine gusa geti."

Akagusa. Taa ikawaka. Akaondoa mikono yote miwili, taa ikaendelea kuwaka.

"Mjomba, mbona haizimi? Nimeachia!"

"Geti ni kama kapasita ndogo. Umeijaza, na haina pa kumwaga. Sasa gusa hasi na geti."

Ikazima. Alirudia hivyo labda mara ishirini, akiwasha na kuzima taa kwa vidole vyake. Kisha nikampa rezista ya kilo-omu 10 aiweke kati ya geti na hasi. Akagusa tena, taa haikuwaka. Akaisukuma rezista kwa ukucha kuhakikisha imeingia vizuri, akagusa tena, ikakataa. Tukaongeza ya omu 150 kati ya pini na geti, ili geti inapojaa isiivute pini kwa nguvu, na dayodi kwenye pampu. Mstari wa dayodi aliniuliza mwenyewe unaelekea wapi.

Tulipowasha, bodi iliamka kimya, pampu ikakaa imetulia hadi programu ilipoiita, ndipo ikaanza kuvuma. Yeye akachukua ncha za mita bila kuambiwa mahali pa kuziweka, maana alikuwa ameniona nikifanya hivyo kutwa nzima. Dreni na sosi. Alisoma milivolti 70. Akaweka na kidole juu ya mosfeti, akakiacha hapo, akatikisa kichwa kwamba hakuna joto. Akaandika 70 kwenye daftari lake, na chini yake akaniomba nimwandikie ukinzani wa nyaya za pampu, ili ajue itakula kiasi gani uchafu ukiikwamisha.